ELIMU KWA UMMA: Kasoro za kuzaliwa za utando wa moyo na namna zinavyojitokeza kwenye ECG

Kila mwaka Siku ya Moyo Duniani, tarehe 29 Septemba, inapokaribia, upimaji wa bure wa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hufanyika viwanjani, kwenye stendi na kwenye nyumba za ibada. Wiki mbili baadaye mapokezi ya idara za vipimo vya moyo hujaa watu walioshika karatasi za waridi zilizokunjwa mara nne. Wengi wao hawaumwi popote. Kilichowaleta ni mstari mmoja uliochapwa na mashine juu ya karatasi: kwamba huenda sehemu ya mbele ya moyo ilishakufa zamani, na haijulikani lini. Mwenye karatasi ana miaka 27, anacheza mpira kila Jumamosi na hajawahi kulazwa. Ndugu wameshaanza kuchangishana.

Mstari ule umeandikwa na programu iliyomo ndani ya mashine. Programu hupima urefu na upana wa mawimbi, ikayalinganisha na jedwali lake, ikatoa sentensi. Haijui kama ulilala chali au ubavu. Haijui kama kibandiko cha nne kati ya vile vya kifuani vinavyonasa umeme kimewekwa chini ya mahali pake. Haijui pia kama moyo wako umekaa pale mioyo mingi inapokaa, na hapo ndipo penye mada yetu. Wapo watu wachache sana waliozaliwa bila mfuko unaoshikilia moyo, au wakiwa na mfuko wenye tundu. Karatasi zao za ECG hufanana na za magonjwa mengine kabisa. Wapo na wengine, hao si haba, ambao kasoro yao iko kwenye utando wa ndani. Makundi haya mawili huchanganywa hata na watu wa kada ya afya, ilhali kwenye ECG yanaelekea pande zinazopingana.

Tando mbili, matatizo mawili

Utando wa nje ni perikadia. Ni mfuko wenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo kuna majimaji ya kulainisha, mililita 15 hadi 50, yaani kijiko kimoja hadi vitatu vya chakula. Umeshikizwa juu kwenye mishipa mikubwa ya damu, chini kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mbele kwenye mfupa wa kidari. Kwa hiyo ukigeuka kitandani moyo haugeuki nawe sana.

Utando wa ndani ni endokadia. Huu umetandikwa kwenye kuta za vyumba vya moyo na kufunika vali. Mimba ikiwa changa, vinundu vya utando huo, tunaviita matakia ya endokadia, hukua vikielekeana hadi vikakutana katikati ya moyo. Vikikutana vizuri hutenganisha vyumba vya juu na vya chini, na husaidia kujenga vali mbili za katikati. Visipokutana hubaki tundu.

Tuanze na wa nje, maana ndio wenye utata.

Mfuko usiokamilika

Upande wa kushoto wa kijusi, utando unaotenga moyo na pafu hulishwa na mshipa uitwao mshipa wa Cuvier. Mshipa huu umepangiwa kusinyaa, lakini muda wake ukifika. Ukisinyaa mapema, utando hukosa damu, huacha kukua, na pengo hubaki maisha yote. Upande wa kulia mshipa kama huo hausinyai. Huendelea na kuwa sehemu ya mshipa mkuu wa juu unaorudisha damu moyoni. Ndiyo sababu kasoro nyingi ziko kushoto na za kulia ni adimu mno. Si chakula alichokula mama, si husuda ya jirani, wala si vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kliniki. Tafadhali tuliache hilo.

Mwanaanatomia Realdo Colombo wa Italia aliieleza hali hii katika kitabu kilichotoka mwaka 1559, na kwa karne nne baada yake ilionekana zaidi kwenye maiti kuliko kwa watu walio hai. Katika uchunguzi wa maiti hupatikana kwa chini ya mtu mmoja kati ya 10,000. Wanaume hutajwa mara tatu zaidi ya wanawake. Takriban theluthi moja ya wenye hali hii wana kasoro nyingine ya kuzaliwa: tundu kati ya vyumba vya juu, mshipa wa kijusi uliokataa kufunga baada ya kuzaliwa, vali ya aota (mshipa mkuu utoao damu moyoni) yenye vipande viwili badala ya vitatu.

Upande wote wa kushoto wa mfuko ukikosekana, moyo husogea kushoto na nyuma, na ncha yake huelekea kwapani. Inasikika vibaya, lakini wengi wa watu hawa huishi miaka yao yote bila shida. Hatari iko kwa wenye tundu dogo. Mbuzi akitia kichwa kwenye pengo kubwa la uzio hukitoa. Akikitia kwenye tundu dogo hukwama. Kijisikio cha kushoto cha moyo, kile kipande kinachoning'inia kwenye chumba cha juu, kinaweza kuchomoza kwenye tundu dogo na kubanwa. Pengine ukingo wa tundu hukandamiza mshipa unaolisha msuli wa moyo. Hapo mtu anaweza kuzimia, na vifo vya ghafla vimewahi kutokea.

Yanayoonekana kwenye karatasi

ECG hurekodi umeme wa moyo. Si picha. Haioni utando, haioni tundu, haioni mafuta kwenye mshipa. Kila msimu wa kampeni hili hurudiwa, na kila msimu mtu huuliza kwa nini ECG yake "haikuonyesha" tundu la moyo. Kinachoonekana ni mwelekeo wa umeme ukitazamwa kutoka pembe 12, ambazo hapa tutaziita lidi: sita za mikono na miguu (I, II, III, aVR, aVL, aVF) na sita za kifuani (V1 hadi V6). Vibandiko ni 10 na lidi ni 12, kwa sababu mashine hukokotoa lidi nyingine kwa kulinganisha vibandiko. Hakuna aliyepunjwa vibandiko viwili.

Kwa mtu aliyekosa mfuko wote wa kushoto, msomaji makini hukuta dalili zifuatazo, zote au baadhi.

Mhimili wa umeme, yaani mwelekeo wake wa jumla, umeelekea kulia. Kwa mtu mzima mhimili wa kawaida uko kati ya nyuzi hasi 30 na nyuzi 90. Hapa unavuka 90: kwenye lidi ya I wimbi la QRS, la umeme wa vyumba vya chini (R ni kilele chake, S ni bonde linalofuata), hushuka zaidi kuliko linavyopanda, na kwenye aVF hupanda.

Kwenye V1 hutokea umbo la kizuizi pungufu cha tawi la kulia, yaani umeme kuchelewa kidogo kwenye njia yake ya upande wa kulia: kipembe kidogo juu, bonde, kisha kipembe cha pili, mfano wa herufi M iliyopinda, huku upana wote wa QRS haufiki sekunde 0.12, yaani miraba midogo mitatu. Vijana wengi wazima wanalo umbo hili. Likiwa peke yake halina maana kubwa.

Dalili ya tatu ndiyo inayozaa ile sentensi ya kutisha. Kwa kawaida, kutoka V1 kuelekea V6, wimbi R hukua hatua kwa hatua na S hupungua. Hulingana kwenye V3 au V4. Kwa mtu ambaye moyo umehamia kushoto, ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto, yenye msuli mnene na umeme mwingi, iko mbali karibu na kwapa. V1 hadi V4 zinatazama ventrikali ya kulia, na umeme mkubwa unazikimbia. R inabaki fupi, S inazama, na kulingana kunachelewa hadi V5 au V6. Programu ya mashine ikiona R fupi V1 hadi V4 ina maelezo moja inayoyapenda: msuli wa mbele umekufa, hautoi umeme. Kumbe msuli ni mzima, ila vibandiko vinatazama mahali pengine.

Pia wimbi P, la umeme wa vyumba vya juu, huweza kuwa refu na lenye ncha kwenye lidi za katikati ya kifua. Mapigo mara nyingi huwa ya polepole, chini ya 60 kwa dakika. Ukitaka kuyahesabu mwenyewe, kwa karatasi inayokwenda milimita 25 kwa sekunde, hesabu miraba mikubwa kati ya kilele kimoja cha R na kinachofuata, kisha 300 igawe kwa idadi hiyo. Miraba sita ni mapigo 50. Wimbi T, linalofuata QRS, nalo huweza kupinduka kwenye baadhi ya lidi za kifua.

Na karatasi inaweza kuwa ya kawaida kabisa, hasa kwa yule mwenye tundu dogo, ambaye ndiye tunayemhofia. Kwa hiyo ECG safi haifuti kasoro hii, na ECG yenye dalili zote haithibitishi.

Kabla ya kuutafuta ugonjwa adimu, tafuta kosa la kubandika

Sehemu hii ni ndefu kwa makusudi. Mhimili wa kulia na R isiyokua mara nyingi hutoka kwenye mikono ya mpimaji na si kwenye moyo wa mpimwaji.

Mpimwaji alale chali, mgongo ukiwa umeegemea kitanda, mikono pembeni, miguu isigusane na chuma cha kitanda. Kifua kiwe wazi. Nguo haipenyezi umeme. Mafuta ya kujipaka yafutwe. Nywele nyingi za kifuani zinyolewe pale tu kibandiko kinapokaa. Simu iwekwe mezani. Mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke au awepo mtu wa kumsindikiza, na si lazima aeleze sababu.

V1 na V2 hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. Namna ya kuipata: pitisha kidole kutoka kwenye kishimo cha koo kushuka, utagusa kinundu cha mfupa kilicholala kwa upana, teleza pembeni, hapo ni ubavu wa pili, nafasi iliyo chini yake ni ya pili, shuka mbili zaidi. Wengi hukadiria kwa macho na kuweka vibandiko hivi juu mno, nafasi ya pili au ya tatu. Matokeo yake ni ile herufi M kwenye V1 kwa mtu asiye na kizuizi chochote. Kidokezo cha kugundua kosa: wimbi P kwenye V1 na V2 limepinduka lote chini.

V4 hukaa nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 iko katikati ya V2 na V4. V5 na V6 hufuata usawa wa V4, ya kwanza mbele ya kwapa, ya pili katikati ya kwapa. Visipandishwe kufuata mwinuko wa ubavu. Kwa mwanamke mwenye matiti makubwa V4 hubandikwa chini ya titi, nalo huinuliwa kwa nyuma ya kiganja. Kubandika juu ya titi, au kuteremsha kibandiko hadi nafasi ya sita au ya saba ili kukwepa kuligusa, huharibu ukuaji wa R, na mama wa watu anarudi nyumbani na "shambulio la zamani".

Nyaya za mikono zikibadilishana, lidi ya I yote hupinduka, pamoja na P, na aVR hugeuka kutazama juu. Mhimili utasomeka kulia. Moyo uliozaliwa upande wa kulia wa kifua hutoa sura hiyo hiyo kwenye lidi ya I, lakini kwa huyo R hupungua kadiri unavyotoka V1 kwenda V6. Kwa aliyebadilishiwa nyaya R hukua kama kawaida. Kosa hili lina chanzo chake mahususi kwetu: mashine za msaada huja na rangi za mifumo miwili. Kwenye mfumo wa Ulaya nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Kwenye mfumo wa Marekani nyeupe ni mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Mpimaji aliyezoea mmoja akakabidhiwa mwingine bila kusoma herufi zilizo kwenye kichwa cha waya atakosea, hata awe na uzoefu wa miaka 20. Soma herufi, si rangi.

Mwisho, hakiki maandishi ya pembeni mwa karatasi: milimita 25 kwa sekunde, milimita 10 kwa milivolti moja. Mashine ikiachwa kwenye milimita 5 kwa milivolti, mawimbi yote yanakuwa nusu.

Kama dalili zimebaki baada ya kurudia kipimo kwa usahihi, bado yapo yanayotangulia mfuko uliokosekana: tundu kati ya vyumba vya juu, shinikizo kubwa kwenye mishipa ya mapafu, donge la damu mapafuni, hewa iliyovuja upande wa kushoto wa kifua, mapafu yaliyotanuka ya mvutaji wa muda mrefu, au tu mtu mrefu mwembamba ambaye moyo wake umesimama wima. Na ndiyo, shambulio la kweli la zamani. Daktari akikuambia unahitaji vipimo zaidi, hakuibii. Anapunguza orodha hii.

Baada ya ECG

Eksrei ya kifua ni kipimo rahisi na hutoa fununu nyingi. Kivuli cha moyo kimesogea kushoto lakini koromeo la hewa liko katikati palepale. Kama pafu lingekuwa limesinyaa au kuvutwa, koromeo lingefuata. Ukingo wa kulia wa moyo hupotea nyuma ya uti wa mgongo. Kati ya aota na mshipa wa mapafu huonekana ufa mweusi, maana pafu limepenya mahali ambapo mfuko ungelizuia. Pafu huweza pia kuonekana kati ya moyo na kiwambo.

Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inafuata. Fundi wa eko hupata shida kuuona moyo mahali pa kawaida na hulazimika kusogeza kifaa hadi kwapani. Hiyo shida yenyewe ni dalili, iandikwe kwenye ripoti badala ya kuandika tu "picha hazikuwa nzuri". Ventrikali ya kulia huonekana pana na ukuta wa katikati huenda kinyume, sura inayofanana sana na tundu kati ya vyumba vya juu. Watu wamewahi kutafutiwa tundu lisilokuwepo kwa sababu hiyo.

Uthibitisho hutolewa na MRI ya moyo (picha kwa sumaku), au CT (picha za vipande kwa eksrei) pale MRI isipowezekana. Hata hapo tahadhari inahitajika. Mfuko wa kawaida ni mwembamba, kwa kawaida usiozidi milimita mbili, na pembeni mwa ventrikali ya kushoto huweza usionekane hata kwa mtu mzima kabisa. Kwa hiyo msomaji hatoi hukumu kwa kutouona tu. Hutafuta pafu lililopenya kati ya aota na mshipa wa mapafu, na moyo uliozunguka kuelekea nyuma. MRI huchukua dakika 45 hadi 60, utaambiwa ushike pumzi mara nyingi, na lazima useme kabla kama una kifaa cha kurekebisha mapigo au chuma chochote mwilini.

Aliyekosa upande wote wa kushoto na hana dalili kwa kawaida hahitaji tiba. Anaandikiwa kwenye faili na kupewa nakala, ili daktari wa ECG nyingine asimpeleke kwenye njia ile ile. Mwenye tundu dogo hujadiliwa na jopo la upasuaji: tundu lipanuliwe, au lizibwe kwa kiraka, au kijisikio kilichochomoza kiondolewe.

Dalili zinazomfanya mtu atafute huduma ni maumivu ya kuchoma kifuani yanayokuja akilalia ubavu wa kushoto na kuisha akigeuka, mapigo kwenda mbio, kuishiwa pumzi. Kuzimia, au maumivu yanayokaza kifua na hayaondoki kwa kubadili mlalo, si suala la kusubiri kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Utando wa ndani: mhimili unaelekea kushoto

Matakia ya endokadia yasipokutana, mtoto huzaliwa na tundu katikati ya moyo na vali zisizotengana vizuri. Hali hii ni ya kawaida zaidi kuliko ile ya mfuko, na inahusiana sana na sindromu ya Down: takriban nusu ya watoto wenye sindromu hiyo wana kasoro ya moyo ya kuzaliwa, na hii ni miongoni mwa zinazoongoza.

Kwenye ECG, mhimili huenda kushoto na juu. Lidi ya I inapanda, aVF inashuka. Sababu ni kwamba kituo cha kupitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini kimesukumwa nyuma na chini na lile tundu, kwa hiyo umeme huanzia kwingine na kusambaa kinyume. Kwa mtoto mchanga jambo hili hujitokeza wazi sana, kwa kuwa mhimili wa kawaida wa mtoto mchanga uko kulia. Ventrikali ya kulia imefanya kazi kubwa tumboni. Mhimili wa kushoto kwa mtoto wa wiki mbili haupaswi kupita bila eko. Umbali kutoka P hadi QRS nao mara nyingi huwa mrefu, na ile herufi M kwenye V1 inaweza kuwepo.

Hapa ndipo mhimili unapolipa. Matundu ya aina mbili kati ya vyumba vya juu huonyesha herufi M kwenye V1. Lile la katikati ya ukuta, ambalo ndilo la kawaida, huwa na mhimili wa kulia. Lile la chini, linalotokana na matakia, huwa na mhimili wa kushoto. Karatasi moja tu na mtu anayejua kusoma, na umeshajua fundi wa eko atazame wapi kwanza.

Mtoto mwenye sindromu ya Down afanyiwe eko mapema hata kama ananyonya vizuri na ECG yake haina neno. Tunalisisitiza kwa sababu wazazi huambiwa wasubiri "akue kidogo". Kwa aina kamili ya kasoro hii upasuaji hufanyika kwa kawaida kati ya miezi mitatu na sita. Akisubiri miaka, damu nyingi inayokwenda mapafuni huikakamaza mishipa yake, na hufika mahali kuziba tundu ni hatari kuliko kuliacha. Katika zahanati au kituo cha afya omba barua ya rufaa. Eko ya watoto hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na katika hospitali za kanda kama Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi.

Isichanganywe na kukakamaa kwa endokadia kulikoelezwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na daktari J. N. P. Davies mwaka 1948. Huo ni ugonjwa wa kupatikana baadaye. Mtu hazaliwi nao.

Utunzaji wa karatasi, na sheria

Karatasi nyingi za ECG ni za joto: mashine haina wino, huchoma maandishi. Kwa hiyo usiipeleke stesheneri ikapitishwe kwenye plastiki ya moto. Inatoka nyeusi yote, na kila mwaka zinaletwa za namna hiyo zikiwa zimepambwa vizuri na hazina hata wimbi moja. Usiiache juani kwenye dashibodi, usiifute kwa spiriti au kitakasa mikono. Itoe fotokopi siku hiyo hiyo. Hakikisha ina majina yako matatu, tarehe ya kuzaliwa, tarehe na saa ya kipimo, na kama ulikuwa na maumivu wakati huo.

Kwa wanaofanyiwa vipimo vya ajira au safari: kubadilisha jina kwenye karatasi ya mtu mwingine ni kughushi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaeleza kosa hilo kifungu cha 333, na kifungu cha 337 kinaweka adhabu ya jumla ya kifungo hadi miaka saba. Kifungu cha 342 kinamhusu anayeiwasilisha nyaraka hiyo akijua ni ya uongo, hata kama hakuighushi yeye. Hakuna sababu ya kufika huko. Mwenye mfuko pungufu asiye na dalili anaweza kuomba barua ya daktari bingwa inayoeleza kwa nini ECG yake iko vile, na barua hiyo iambatanishwe na karatasi halisi.

Kuhusu makundi ya WhatsApp: taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Mtumishi anayesambaza ECG ya mgonjwa yenye jina anajiweka matatani. Wewe unaruhusiwa kutuma ya kwako. Lakini picha iliyopigwa kwa mshazari hupindisha miraba, kivuli cha simu huficha maandishi ya milimita 25, na mtu wa upande wa pili hajui uliwekewa vibandiko wapi. Atakupa jibu tu, maana umeuliza.

Ukihitaji kusomewa upya, njoo na karatasi halisi, fotokopi yake, ECG yoyote ya zamani uliyonayo hata iliyofifia, na eksrei kama ipo. ECG ya zamani ndiyo ya thamani kuliko zote: umbo lile lile likionekana miaka mitano iliyopita na leo, maswali mengi yanaisha dirishani. Kipimo kitarudiwa ukiwa umelala chali. Usishangae pia ukiambiwa ugeukie ubavu wa kushoto na karatasi ya pili ichukuliwe; itaandikwa "ubavu wa kushoto" kwa mkono, kwa kalamu ya wino, pembeni mwa jina lako.